Jino la Léopold

Jino la nyuma lilipoanza kumuuma, Léopold hakulijali. Alikuwa mwindaji wa msitu wa Walikale, na jino, alimwambia mkewe Béata, si ugonjwa wa kumlaza mwanaume. Akaenda kuangalia mitego yake kama kawaida.

Shavu likavimba. Mama yake, Elisabeth, akamkanda kwa majani ya moto, maumivu yakapungua kidogo. Kulipokucha uvimbe ulikuwa umeteremka chini ya taya, mgumu kama ubao. Béata alitaka wampeleke Masisi kwa enfirmiye, muuguzi wa zahanati. Elisabeth akakataa: mvua ilikuwa nyingi, na uvimbe ukiiva utapasuka wenyewe. Wakangoja.

Kisha Léopold akashindwa kumeza hata mate yake. Ulimi ulikuwa umeinuka, na kila alipolala chali alikosa hewa. Hapo Béata hakuomba ruhusa ya mtu. Aliwaita shemeji zake wakafunga kipoyi cha mianzi, akawaamuru wambebe ameketi. Njiani alitembea kando yake akimpangusa mate.

Enfirmiye, Papa Benoît, aliwapitisha mbele ya wagonjwa wote. Alimchoma sindano ya penisilini, akapasua chini ya taya, usaha ukatoka mwingi. Lakini mwingine ulikuwa umekwisha kushuka kifuani. Léopold alikufa jioni ile, ameegemea bega la mkewe.

“Mungekuya wakati ni shavu tu ilivimba, ningetosha jino mu kinywa, angerudia nyumbani,” Benoît alisema akinawa mikono.

Béata akamwuliza ni dalili gani za kuogopa, naye akamweleza bila haraka: homa, kinywa kisichofunguka, uvimbe unaoelekea shingoni, mate yasiyomezeka. Mwenye hayo asikandwe kwa moto, wala asingoje kesho.

Waliporudi na maiti, kijiji kilikuwa kimekwisha kupata mtu wa kulaumu. Victorine, mjane jirani, alikuwa amempa Léopold kasikisi kabla hajaugua, na sasa walisema pombe ile ilikuwa na sumu. Vijana wenye mapanga walisimama nje ya nyumba yake. Elisabeth alikuwa pamoja nao, akilia na kumtaja Victorine kwa jina.

Béata hakuketi matangani. Alikwenda moja kwa moja akasimama mlangoni kwa Victorine.

“Hakuna muntu alimuua,” alisema, akamgeukia mama mkwe wake. “Jino njo ilimuua. Mama, tulimungojesha sisi wote, na mimi pia.”

Elisabeth akageuka, akarudi matangani. Vijana wakaondoka mmoja mmoja. Victorine hakuguswa, ila baada ya maziko alihamia kwa ndugu zake Lushebere, akaacha mihogo yake shambani.

Béata alibaki. Aliyeamka na shavu limevimba alimfuata, naye alifunga kitenge chake wakashika njia ya Masisi siku ileile. Hata waliomwamini Elisabeth juu ya sumu walikuja. Elisabeth mwenyewe, wakikutana njiani kwenda shambani, aliingia majanini mpaka mkwewe apite.