Kaburi la Owiti Kisiwani

"Usinitangulie," Lornah alinong'ona. "Twende pamoja."

Seline aliinua birika lake, Lornah, mhudumu mwenzake, akainua lake, wakaanza kuizunguka meza, mmoja kushoto, mwingine kulia. Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya hoteli: chai imiminwe pande zote mbili kwa wakati mmoja, maana siku ya kwanza wajumbe wa ng'ambo ya ziwa walinuna kwa kuwa wajumbe wa Kenya walionja mandazi kabla yao. Watu wazima, tai shingoni, wananuniana kwa mandazi! Na hao ndio waliopewa kazi ya kuamua kisiwa cha Nyalwanda ni cha nani.

Kisiwa chenyewe ni mwamba na vichaka tu. Lakini kina pango ambamo waumini wa pande zote mbili walikuwa wakifunga na kuomba tangu zamani, bila kuulizana vitambulisho. Kisha zikaja bendera, zikafuata bunduki, njia ya kisiwani ikafungwa. Owiti, mume wa Seline, alikuwa tayari amekwenda huko kuombewa kifua. Kifua kikamshinda juma lile lile. Waumini wenzake, wengi wao wa ng'ambo, walimzika kando ya pango wakiimba, ndipo wakampigia Seline simu.

Mluo wa Seme hazikwi ugenini. Nyumbani kwao, upande wa Kombewa, Ooko, kaka yake marehemu, alikuwa ameshachagua mahali pa kaburi mbele ya nyumba, na kila Seline alipokwenda huko swali lilikuwa lile lile: mtu wetu anakuja lini? Ndiyo maana Seline aliing'ang'ania kazi ya ukumbi huu, wenzake wakikimbilia baa kwenye bakshishi. Alitaka awe karibu na mtu atakayesema ndiyo.

Mtu huyo alikuwa mpatanishi, jaji mstaafu kutoka Tanzania, mzee mpole asiyetia sukari kwenye chai. Siku hiyo wajumbe walipotoka kuwapigia wakubwa wao simu, alibaki peke yake na karatasi zake. Seline alimmiminia, akaweka birika chini.

"Mzee, samahani. Mimi si mtu ya siasa. Bwana yangu amezikwa huko Nyalwanda, pale kwa pango. Nataka tu nimtoe, nimlete nyumbani. Kisiwa mgawane vile mnataka."

Jaji aliweka kalamu chini. "Pole sana, mama. Siku zote hizi unatuhudumia na jambo hili moyoni?"

"Sasa ningefanya nini, Mzee?"

"Nitaliwasilisha leo hii. Hili ni suala la utu. Sidhani kama yupo atakayelipinga."

Alikuwa mwema, na kwa wema huo Seline hakuweza hata kumchukia baadaye.

Alasiri alisimama ukutani, birika mkononi, akimsikiliza jaji akimweleza Owiti vizuri kuliko alivyoelezwa kanisani. Kisha kiongozi wa wajumbe wa Kenya akasimama, uso unang'aa.

"Mnaona? Watu wetu wamelala pale! Mtu huzikwa kwao. Huo ndio ushahidi, na haung'oki pale."

"Nani alimzika?" akajibu mwenzake wa ng'ambo. "Si watu wetu? Mtu hachimbi kaburi katika shamba la jirani. Wataalamu wetu waje walikague kwanza."

"Basi lisiguswe!"

"Naam, lisiguswe!"

Ikaandikwa hivyo: kaburi lolote kisiwani lisifukuliwe hadi mpaka wa nchi utakapoamuliwa. Yalikuwa makubaliano yao ya kwanza. Wakapiga makofi, wakapigwa picha, na Seline akatumwa alete soda za kupongezana.

Jaji alimfuata hadi mlango wa jikoni. "Nimekuharibia, mama."

"Itachukua muda gani?"

"Mgogoro huu nilikabidhiwa nikiwa na nywele nyeusi," alisema, na kichwa chake kilikuwa cheupe chote.

Seline alipomfikishia Ooko habari hiyo, shemeji yake alitazama mahali alipopachagua mbele ya nyumba. "Basi tutazika yago," akasema.

Yago ni tunda refu, zito, la mti wa porini. Waluo hulizika badala ya mtu aliyemezwa na ziwa asionekane tena.

"Lakini Owiti hajapotea, shem. Mimi najua mahali analala."

"Kujua itatusaidia na nini, Nyar Alego?" Ooko alimwita kwa jina la kwao, binti wa Alego. "Watoto wake hawawezi kujenga kama baba hajazikwa. Wewe mwenyewe hatujui kama ni bibi ya mtu ama mjane. Wacha tumalize hii maneno."

Jumamosi watu wakaja. Ooko alikuwa amemchongea ndugu yake jeneza kwa kipimo chake kamili, na Owiti alikuwa mrefu. Wakalaza yago ndani, wakafunika, wanaume wakainua. Tunda likabingirika kutoka kichwani hadi miguuni, likagonga ubao, ngo! Wabebaji wakasimama. Hakuna aliyethubutu kucheka wala kulia.

"Muweke chini kwanza," Seline alisema.

Aliingia nyumbani, akatoka na koti la Owiti, sweta yake, suruali za kazini na blanketi. Akapiga magoti, akafunua jeneza. Akazishindilia nguo huku na huku, kama mtu anayemlaza mtoto ukingoni mwa kitanda, akalisukuma tunda kidogo kujaribu, akaongeza sweta. Kisha akafunika, akawaashiria.

Wakainua tena. Seline akatembea ubavuni mwa jeneza, sikio karibu na ubao.