Nyumba kwa Jina la Anselm

Mvua za mwaka 1954 zilipoangusha ukuta wa chumba chake, Josepha aliona hana budi kutafuta pengine. Alikuwa mjane, mfuaji wa mashuka hospitalini Tabora, na alilea binti wawili, Tekla na Koleta. Kwa miaka sita alikuwa amepanga katika tembe la Bi Amne, lililojengwa zamani za misafara kulaza wapagazi. Vyumba havikuwa na madirisha, na paa la udongo lilivuja kila masika. Bi Amne aliziba ukuta kwa matete, kisha akapandisha kodi.

"Nitatoa wapi, Bi Amne?"

"Hata mimi sina pa kutoa, mwanangu. Watu wanashuka kila treni, wote wanataka vyumba."

Wakati huo serikali ilikuwa imemaliza nyumba arobaini za saruji na bati kwa wafanyakazi Waafrika, na kodi yake ilikuwa nafuu sana. Josepha aliomba ruhusa kazini, akajifunga kanga safi, akaenda ofisini. Karani aliyeitwa Modest alisoma barua yake ya kazi mara mbili.

"Kazi unayo. Mume je?"

"Alishafariki."

"Basi siwezi kukuandika. Wanaandikwa wanaume. Huna ndugu wa kiume?"

Alikuwa na mdogo wake, Anselm, mkulima wa Igalula. Modest alisema atamwandika Anselm kama mtumishi wa hospitali, naye Josepha akae humo asiseme neno. Kwa hisani hiyo alitaka debe la asali. Josepha alimpelekea nyumbani kwake, akapitia mlango wa uani.

Anselm alikuja kwa treni, akatia dole gumba kwenye kadi ya nyumba. "Nyumba ni yako, dada," alisema. "Mimi nimekuazima jina tu."

Josepha alikaa mle miezi minne. Sakafu ilikuwa ngumu na kavu, na jioni wasichana walisoma karibu na dirisha. Mwezi wa tano wa kukaa kwake Anselm akatokea na mkewe Minza na watoto watatu, akasema mtama umeharibika. Josepha aliwapokea kama wageni. Baada ya wiki mbili Minza alikuwa ameshika jiko, na Tekla na Koleta walikuwa wakilala jikoni. Josepha alipouliza wageni wataondoka lini, Anselm hakumtazama usoni.

"Kadi ina jina la nani, dada?"

Alikwenda kwa Modest. Karani alifunga mlango kwanza. "Kitabu kinasema Anselm. Ukisema vingine, umesema sote tulidanganya, na wewe ukiwemo."

Siku mbili Josepha alifua mashuka kama kawaida. Siku ya tatu akaenda kwa Mzungu aliyesimamia nyumba za serikali, akaeleza yote kupitia mkalimani, hata ile asali. Mzungu aliandika kwa muda mrefu. Kabla ya Jumapili askari walikuja na kufuli. Modest alihamishiwa wilaya nyingine kwa cheo kilekile. Nyumba alipewa fundi wa reli.

Josepha aliuliza kama yeye sasa anaweza kuandikwa. Mkalimani alimjibu kwamba kanuni ni ileile, na kwamba aliyekwisha kudanganya serikali hatafikiriwa tena.

Anselm alirudi Igalula bila kuaga. Minza ndiye aliyesimama uani, mtoto mgongoni.

"Umetutoa sisi, na wewe hukubaki. Umepata nini, wifi?"

Josepha alijitwika mzigo wake, akarudi kwenye tembe. Chumba chake cha zamani kilikuwa kimeshapata mpangaji, kwa hiyo Bi Amne alimpa jiko la nyuma, kwa kodi ya chumba.

Jumamosi alikwenda kuungama. Alitaja uongo wa kadi, akataja na asali. Padri alingoja. Habari ya kumshtaki ndugu yake hakuitaja, kwa sababu hakuijutia, na alijua kwamba hata siku ile ingerudi tena angekwenda kwa Mzungu vilevile.