Mzee Aliyeimba Polepole

Katika ghala la mitumba mtu hachoki mara moja. Uchovu huanzia vidoleni, kwa kule kubana nguo na kuziachia, ukapanda viwikoni, ukatua mabegani, na jioni ikifika umeshaketi kichwani kama mgeni asiyejua kuaga. Kimya aliujua mwendo huo kama mtu ajuavyo njia ya kwao.

Yeye alikuwa kwenye meza ya makoti. Robota likikatwa mikanda, nguo zilifumuka kama donge la unga lililoumuka, na kazi ikawa kupapasa: zipu inapanda? Bitana imechanika? Kwapa lina doa? Zuri huku, la wastani kule, na lisilofaa likaenda kukatwa matambara. Jina la Kimya alipewa na jirani yake wa meza, ambaye mwenyewe aliitwa Mama Vifungo kwa sababu hakuna nguo ya kutupwa iliyopita mbele yake ikaondoka na kifungo.

"Wewe mtoto," Mama Vifungo alimwambia, "tangu asubuhi umesema shikamoo na pole, basi. Hata zile zipu zinaongea kukushinda."

"Nasikiliza, mama."

"Sikiliza tu. Kimya kingi kina mshindo. Siku utakapolipuka naomba niwe likizo."

Kimya akacheka bila sauti, akaendelea kupapasa.

Mara mojamoja robota lilitema makoti ya ngozi nyeusi yaliyopigwa misumari mabegani na kushonwa viraka vya mafuvu. Hayakuwa na mnunuzi. Msimamizi aliyatupa upande wa matambara, lakini ndani ya bitana zake, au katikati ya masweta yaliyokunjwa pamoja nayo, Kimya alikuta santuri. Zilikuwa ndogo, hazizidi upana wa sahani ya chai, zenye tundu kubwa katikati, zimevikwa karatasi zilizokunjwa kwa mkono na kuchapwa kwa wino mweusi uliofifia. Moja ilikuwa na mifupa inayocheza. Nyingine ilikuwa na picha ya kiwanda kinachoungua, na maandishi kama vijiti vilivyomwagika. Nyingine maandishi yake yalikuwa ya mviringo, kama yameandikwa kwa nyayo za ndege. Zilitoka nchi ambazo yeye hakujua hata zinavyotajwa. Msimamizi alisema taka ya robota ni ya mwenye kuiokota, kwa hiyo wenzake waliokota bizimu za mikanda, na Kimya akaokota santuri.

Nyumbani palikuwa na gramafoni ya umeme, mali ya marehemu mama yake. Mama alipenda nyimbo za mapenzi za taratibu, zile za santuri kubwa, na swichi ya pembeni ilipoanza kuteleza katikati ya nyimbo na kuwafanya waimbaji wabweke, Baba aliishindilia gundi ya viatu mpaka ikatulia. Tangu siku hiyo swichi haikusogea tena. Kila kilichowekwa juu ya mashine ile kilizunguka taratibu, na hakuna aliyewahi kuuliza kama kuna mwendo mwingine.

Hivyo ndivyo Kimya alivyozijua santuri zake. Magitaa yalijikokota kama mtu anayeburuta kabati. Ngoma zilidunda kwa uzito, zikangoja, zikadunda tena. Sauti zilikuwa nene na za huzuni, zikivuta maneno marefu yasiyoeleweka. Alipozisikia mara ya kwanza alikaa chini. Alidhani huko yanakotoka makoti watu wote wamechoka, na jambo hilo, sijui kwa nini, lilimpa faraja.

Santuri moja ilimpata Baba. Ilikuwa ile ya kiwanda kinachoungua. Mama alikuwa amezikwa mwaka huohuo, na Baba, aliyetumia maisha yake akitunza boila kiwandani hadi sikio moja likamwishia huko, alikuwa ameacha kuongea na chakula. Sahani ilikuja, sahani iliondoka. Siku moja Kimya aliweka santuri ile ili tu nyumba isiwe tupu, na Baba akainua kichwa.

"Huyu mzee ni nani?"

"Simjui, Baba."

"Amefiwa huyu." Akasikiliza mpaka mwisho, ambapo baada ya magitaa kunyamaza mwimbaji alisikika akikohoa, kikohozi kizito cha kukatikakatika. Baba akatikisa kichwa. "Na kifua anacho. Amefanya kazi kwenye moshi. Weka tena."

Alikula akisikiliza. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba: meza ikiandaliwa, Baba husema, "Mlete Mzee," na Mzee akija, Baba hula. Walimtungia maisha. Goti moja linamsumbua. Ana binti, ila hana habari naye. "Leo Mzee kachoka," Baba alisema siku nyingine, kana kwamba wimbo ulikuwa umebadilika. Na Kimya alipokuwa jikoni akiosha vyombo, alimsikia Baba akinong'ona na mashine, maneno ambayo hakutaka kuyasikiliza kwa sababu hayakuwa yake.

Kisha gramafoni ikafa. Iliguna, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikasimama. Jioni hiyo Baba alikula vijiko viwili akasukuma sahani. Jioni iliyofuata hakusogea hata mezani.

"Baba, jilazimishe kidogo."

"Nimeshiba, mama." Alikuwa akimwita hivyo, mama, tangu alipozaliwa, na sasa neno hilo lilikuwa limekua zito.

Siku ya mapumziko Kimya alifunga mashine kwa khanga, akaweka santuri chache kwenye mfuko, akaenda kwa Fundi Waya. Chumba cha fundi kilijaa mifupa ya feni na pasi zilizofunguliwa matumbo. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo mwenye macho mekundu, anayezungumza huku akishika skrubu kwa midomo.

"Umeibeba hii kwa miguu, mwanangu? Kaa, kaa kabla hujaanguka ukaniongezea kazi."

Akaifungua. Akachomoa mkanda uliolegea kama lastiki ya soksi kuukuu, akautazama, akautupa. Kisha akainama, akakwangua pembeni kwa bisibisi.

"Nani alimwaga gundi humu?"

"Baba."

"Baba ni fundi viatu?"

"Hapana. Alikuwa akitunza boila."

"Ndiyo maana. Watu wa boila wakiona kitu kinacheza, wanakiziba." Akaendelea kukwangua mpaka swichi ikalia tak. "Haya. Mkanda mpya, swichi hii hapa imefunguka. Nipe santuri tujaribu."

Kimya alimpa ile ya Mzee. Fundi aliigeuza mkononi, akatazama tundu, akainua nyusi.

"Mlikuwa mkipiga hizi kwa mwendo ule? Mwanangu, santuri kubwa ndiyo huenda taratibu. Hii ndogo yenye tundu pana huenda haraka. Ukiipa mwendo wa kubwa, ni kama kumfunga mtoto kamba atembee sambamba na mgonjwa."

Akashusha sindano.

Ngoma zilikuja kama mvua ya mawe juu ya bati. Magitaa yalikata huku na huku, na juu yake ikapanda sauti ya msichana, nyembamba, yenye mikwaruzo, akipiga kelele kana kwamba kuna mtu ng'ambo ya barabara amekataa kumsikia. Kimya alishika ukingo wa meza. Alihisi kama mtu aliyeingia sebuleni kwao akamkuta mgeni kwenye kiti cha baba yake. Wimbo ulikatika ghafla, kama mlango uliopigwa na upepo, na mahali pa kikohozi pakawa na kicheko. Msichana alikuwa akicheka, mpaka pumzi zikamkatika.

"Muziki wa panki huu," alisema fundi, akitoa skrubu mdomoni. "Zamani nilikuwa na mteja mwembamba kama fito, ananiletea redio kaseti yake kila ikikwama, na ndani ni haya haya. Hiyo yenye mifupa nayo itakuwa muziki wa metali, ule wa kukimbia. Ukiisikia unadhani wanawahi treni."

Zikapigwa na nyingine. Ile ambayo Kimya nyumbani aliiita Mfiwa ilikuwa vijana wanaotukanana kwa furaha. Ile aliyoiita Ng'ombe Aliyepotea ilikuwa gitaa linalolia kama msumeno. Hapakuwa na hata mmoja aliyechoka. Walikuwa na hasira, walikuwa na haraka, na muda wote huo yeye alikuwa amewakalisha chini wamliwaze.

Tak. Swichi iliteleza yenyewe, msumeno ukageuka ng'ombe.

"Ndicho nilichokiogopa," fundi alisema. "Meno yameliwa. Haitakaa mpaka nipate spea, na spea za mashine hii siku hizi ni hadithi. Itabidi niigandishe kama alivyofanya mzee wako. Upande mmoja tu. Sema upi."

"Wa polepole," Kimya alijibu bila kufikiri. Baba hajala. Hilo lilitosha kuwa jibu.

Fundi akafungua kopo la gundi. Kimya alitazama kijiti kikichovya, kikitoka kinametameta. Mabega yalimuuma. Alifikiria jioni, sahani, sauti nene, kikohozi, vyombo. Na kesho, makoti.

"Fundi, naomba nimsikie yule tena. Kabla hujaigandisha."

Fundi akashikilia swichi kwa kidole, akampigia. Msichana alipiga kelele, akacheka, akanyamaza.

"Haya, niachie sasa?"

"Gandisha hapohapo."

"Wapi?"

"Hapohapo ulipo. Wa haraka." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mtu aliyekuwa akipita na ndoo nje aligeuka kuangalia.

Njiani kurudi mashine ilikuwa nzito maradufu. Nimefanya nini, alijiuliza. Mtu mzima hana anachokitaka duniani ila sauti moja, nami nimekwenda kumuua. Alifikia kugeuka njia panda, akasimama, akakumbuka kuwa gundi imeshakauka, na kwamba miguu haina nguvu ya kurudi. Akaenda nyumbani kwa sababu ndiko kulikokuwa karibu.

Baba alikuwa tayari ameketi mezani. Aliposikia waya ukichomekwa, alivuta sahani karibu, na jambo hilo dogo lilimchoma Kimya moyoni.

"Mlete Mzee."

"Baba, fundi amesema tulikuwa tukikosea."

"Kukosea nini? Mzee ni Mzee. Mlete."

Kimya akashusha sindano, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Baba alibaki na kijiko hewani kuanzia mwanzo mpaka kile kicheko cha mwisho. Kisha akakilaza kijiko polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye, Baba. Ndiye Mzee."

"Huyu ni mtoto."

"Ndiyo."

"Na kikohozi chake?"

"Alikuwa akicheka."

Baba aligeukia ukuta. "Nimemweleza mambo mengi mimi," alisema. "Mambo ya mama yako. Mambo ya kiume. Mtoto wa watu."

"Samahani, Baba. Nitairudisha kwa fundi, akwangue, aigandishe kama mwanzo."

Baba akasogeza kiti mpaka kwenye mashine. "Weka tena."

Msichana alipoanza, Baba alinyoosha kidole, kile kinene chenye kovu la mvuke, akakigusisha kwenye ukingo wa santuri. Ngoma zikalemewa. Sauti ikashuka, ikashuka, ikanenepa, na Mzee akarudi, akiyumba kidogo kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Huyo," Baba alinong'ona. "Huyo hapo."

Walimsikiliza pamoja. Kidole kikaanza kutetemeka, na kila kilipotetemeka msichana alichungulia kidogo, akazamishwa tena.

"Kwa hiyo ndiyo nimshikilie hivi kila siku?"

"Ukichoka nitakushikia mimi."

Alisema kama asemavyo kila kitu, kwa upole, na akasogea, mkono wake tayari umenyooshwa. Baba akautazama mkono ule. Kucha zilikuwa zimekatwa hadi kwenye nyama zisinase kwenye zipu, na vidole vilikuwa na vumbi la nguo za watu wa mbali lisilotoka hata kwa sabuni. Akaufuata mkono kwa macho mpaka kwenye bega lililoinama upande mmoja kwa kubeba mashine, halafu usoni.

"Tumemzeesha huyu," alisema hatimaye.

Akaondoa kidole.

Msichana akachomoka kama aliyefunguliwa kamba, akapita chumba kizima akipiga kelele. Baba alikunja uso, akageuza sikio bovu upande wa spika.

"Kelele tupu," akasema, akarudi mezani na kuchukua kijiko. "Kaa nawe ule. Vyombo nitaosha mimi."

Kimya akakaa. Alikuwa amechoka vilevile. Hakuna wimbo unaotoa uchovu wa siku nyingi kwa mara moja. Akaegemeza kichwa kwenye kiganja, akasikiliza. Wimbo ukakatika, msichana akacheka, na Baba, akiwa na tonge shavuni, akakohoa, kikohozi kilichokaribia kicheko.