Paa Lisilovuja

Mume wangu ana ugonjwa wa kusifia. Akinunua ndala, mtaa mzima utajua. Basi dalali alipoleta watu kuangalia nyumba, akatuambia ni wapangaji wa kile chumba cha mbele kilichokuwa kitupu, mume wangu akajifanya ndiye mwenyeji.

"Karibuni, karibuni! Bomba zote humu nimefunga mwenyewe. Paa halivuji hata tone. Maji yakikatika, tangi lipo!"

Nikamkanyaga mguu anyamaze. Wapi! Ni fundi bomba, na nyumba ile aliitengeneza kwa mikono yake tangu tulipohamia na kifungua mimba wetu mgongoni. Alitaka majirani wema, maskini. Mwanamke mmoja, muuguzi, alimsikiliza kwa makini huku akigusagusa kuta. Nilimpenda. Nikajisemea, huyu akihamia tutaombana chumvi.

Sisi nasi tulikuwa na ahadi. Mwenye nyumba, bibi mmoja mjane, alipohamia kwa mwanawe alitushika mikono, akasema, "Siku nikiuza, nyinyi kwanza." Tukajinyima, weee! Nguo za sikukuu tulizisikia kwa wenzetu. Sikutaka kasri mie. Nilitaka kuzeekea kwenye ule ua ambao wanangu walijifunzia kutembea.

Baadaye muuguzi akarudi peke yake, na futi mkononi, akaanza kupima dirisha letu.

"Dada," nikamwambia, "chumba chako si kile cha mbele?"

Akanishangaa. "Mimi nimenunua nyumba nzima. Dalali kasema mmeshaambiwa, mnahama mwisho wa mwezi."

Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo hata mama yangu hajui kama ninayajua. Alikaa kizingitini, akasema ameuza kwake ili anunue hapa pasipo na ngazi, maana mama yake hatembei tena.

"Nilikuwa nasitasita," akasema. "Mumeo aliposema paa halivuji, nikaona mpangaji hana sababu ya kunidanganya."

Mume wangu alikuwa mlangoni, spana mkononi. Alisikia yote. Kuanzia hapo akawa bubu ndani ya nyumba, chakula anakisogeza tu. Dalali nilimfuata kijiweni kwake, akainamisha macho: "Shemeji, na mimi nina watoto."

Bibi hatukumpigia simu. Tulimsusa. Tulijua katuuza pamoja na matofali yake.

Siku ya kuhama akaja mwenyewe na mkongojo wake, kanuna kutuzidi.

"Nimewakosea nini, wanangu? Nilimtuma dalali awaulize nyinyi kwanza. Akaniletea jibu kwamba hamuitaki, eti mnaiona gofu!"

Tukatazamana. Kumbe! Kwetu dalali asingepata cha juu. Bei tungeisikia kwa bibi mwenyewe, asingekuwa na pa kuongezea chake.

Bibi alielewa bila kuelezwa. Akakaa juu ya godoro letu pale uani, akalia kama mtoto. "Na mimi nikanuna," alisema. "Nikanuna, sikupiga hata simu." Nikakaa pembeni yake nikalia naye. Ningefanyaje?

Muuguzi alisimama getini, hajui atazame wapi. Mume wangu akamwendea. Niliogopa, maana alikuwa na spana mkononi. Lakini akasema tu, "Njoo nikuonyeshe."

Wakaingia. Nikamsikia kutoka uani: "Mlango wa bafu uinue kidogo kabla ya kusukuma. Koki ya tangi ndiyo hii, usiikaze sana." Kisha, kwa sauti ileile ya siku ile, "Ni nyumba nzuri hii, dada. Mama yako atapumzika. Paa halivu..."

Hakumalizia. Nikafuta uso kwa kanga, nikaingia kumtoa.