Tanzia ya Mama Nyaboke

Nyumbani Kisii redio ilikuwa bure kama mvua. Doha, Velma aliilipia kila mwezi: kisanduku kinachopokea idhaa kutoka setilaiti, na antena bapa aliyoiegemeza dirishani mwa chumba chao cha wauguzi, mtaa wa Abu Hamour.

"Kweli wewe unalipia hewa," Phyllis, aliyekaa naye chumba kimoja, alimcheka. "Kesho utalipia jua, na hapa lilivyo jingi!"

"Cheka tu. Mimi nataka kusikia kwetu."

Kwao hawakujua habari za kisanduku hicho. Kwa kaka yake, Augustine, mawimbi ya redio yalikuwa na mwisho wake. Yakifika Nakuru, yamejitahidi.

Ijumaa moja ya mwaka 2007, Velma akipiga pasi sare yake, wakati wa matangazo ya tanzia ukafika. Msomaji akasoma taratibu, kama wasomavyo siku zote: kifo cha Mama Nyaboke, mama mzazi wa Augustine, na wa Velma aliye Doha, Qatar. Mazishi ni kesho.

Pasi ilibaki juu ya sare mpaka Phyllis akanusa moshi.

Velma akampigia kaka yake.

"Mama hajambo," Augustine alisema. "Amelala kidogo. Tusimwamshe."

Nyuma yake wanawake walikuwa wakilia. Velma hakuuliza ni akina nani. Alikata simu, akakimbia kwa msimamizi wake. Lakini bila kibali cha mwajiri hutoki nchini, na Ijumaa ofisi zimefungwa. Ndipo akaipigia idhaa ile ile. Asubuhi, redio ikiwa uani kwao Kisii, katikati ya waombolezaji, maneno yake yakasomwa: "Velma, binti wa marehemu, anamuaga mama yake. Ndugu zake hawakumwambia. Amesikia redioni, kama mtu wa mbali."

Augustine alipiga simu jioni, watu walipokwisha kutawanyika.

"Dada, umenivua nguo mbele ya ukoo mzima! Tulikuficha kwa huruma. Ungelia na nani huko?"

"Mmemweka upande gani wa nyumba?"

"Velma, nisikilize..."

"Upande gani, kaka?"

"Kushoto. Karibu na migomba." Akakohoa. "Wazee wamekasirika. Niwaambie unaomba radhi, yaishe."

Velma alikuwa ameketi sakafuni, magoti kifuani, kanga ya mama yake ikiwa imelowa usoni.

"Waambie siombi."

"Hata kwangu?"

"Siombi radhi, Augustine. Si kwako, si kwao. Siombi."