Siku Davison Alipotangazwa Samaki

Mwalimu Sampa aliwafundisha wafuasi wake kwamba ziwa Mweru ni jicho la Shetani, na kwamba atakayelitazama atageuka samaki. Kwa hiyo watu wa kanisa lake, waliokaa kitongoji chao pembeni mwa Nchelenge, walijenga nyumba zote zikilipa ziwa kisogo. Wanawake wao waliteka maji kwa kutembea kinyumenyume mpaka miguu ilowe, kisha wakazamisha mitungi kwa kupapasa. Wavuvi waliwaita Watu wa Mgongo. Wao nao walikula samaki kama kila mtu, maana ufukweni pale ukikataa samaki utakula nini, ila waliwanunua waliokaushwa tu.

Olipa alizaliwa humo, akakulia humo. Mama yake alifariki zamani, akabaki na baba yake, Davison, seremala mpole ambaye hakuwahi kumjibu Mwalimu neno zaidi ya "ndiyo." Mwaka 1956, mvua zikiwa karibu, upepo ulimpeperushia Davison kofia. Akageuka kuidaka, na ziwa lote likamwingia machoni.

Mzee Kafula, msaidizi wa Mwalimu, alimshtaki siku ileile. Mwalimu Sampa akamsimamisha Davison mbele ya kanisa, akampapasa shingo, akasema mashavu ya samaki yameanza kufunguka. Kuanzia hapo Davison alikuwa samaki. Samaki hasalimiwi, hasemeshwi, hakalii kiti. Lakini Watu wa Mgongo walijiona ni watu wa huruma, wakamtafutia karai kubwa la bati, wakamkalisha ndani yake nyuma ya kanisa, magoti yakimgusa kidevu, na Olipa akapewa kazi ya kummwagia maji asubuhi na jioni asije akakauka.

Olipa alimwaga maji. Hata hivyo kulikuwa na jambo lililomkereketa, na siku ya ibada akasimama kuuliza. Alitaka kujua: mzee Kafula alipomwona baba akitazama ziwa, yeye mzee alikuwa ametazama upande gani?

Wazee wakatoka nje kushauriana, wakarudi na jibu kwamba mzee Kafula hakuliona ziwa lenyewe, aliliona ndani ya macho ya Davison, na ziwa dogo namna hiyo halina madhara. Olipa akaamriwa kufunga chakula kwa kuuliza.

Akafunga. Njaa ilimfanya afikiri zaidi badala ya kufikiri kidogo. Jioni, akiwa na ndoo mkononi, alimsikia baba yake akikohoa kikohozi kizito cha mtu aliyelala na nguo mbichi.

"Tata," akamwambia, "kweli wewe ni samaki?"

Davison alijipapasa shingo. "Mimi sijisikii samaki," alisema. "Lakini mimi ni nani hata nijisikie?"

Olipa alimwaga ile ndoo chini.

Juma lililofuata boriti ya paa la kanisa ilipasuka, na seremala hakuwepo mwingine. Wazee walibishana kama samaki anaweza kupanda ngazi. Wakakubaliana kwamba anaweza, mradi asishukuriwe. Shida ikawa nani amwambie, kwa kuwa samaki hasemeshwi. Mzee Kafula akamwita mbuzi wake, akamsogeza karibu na karai, akamwambia mbuzi kwa sauti kubwa kwamba boriti imepasuka na ngazi iko pale ukutani. Davison akainuka, maji yakimchuruzika, akachukua nyundo yake.

Olipa alipanda kumpelekea misumari, kwa kuwa wengine hawakuruhusiwa kumkabidhi kitu. Kule juu hapakuwa na kuta wala kisogo cha nyumba. Angeweza kufumba macho. Hakufumba.

Maji yalikuwa mengi kuliko alivyowahi kuyapapasa. Mitumbwi ilikuwa inarudi, na mwanamke mmoja alikuwa anasugua sufuria huku akimgombeza mtoto. Olipa alingoja. Alijishika shingo. Alishangaa kwamba alihuzunika kidogo. Miaka yote ile aliogopa, na kumbe ni watu wanaosugua sufuria.

"Ni hivi tu?" aliuliza.

"Ni hivi tu," alisema Davison, akipigilia msumari. "Mimi nilidhani siku ile sikuona vizuri."

Chini, watu walikuwa wamewaona. Mwalimu Sampa alitangaza kwamba sasa samaki ni wawili, na akaagiza karai la pili.

Olipa alishuka, akamngoja baba yake amalize, kwa sababu Davison hakuwahi kuacha kazi nusu. Kisha akamshika mkono, wakaelekea njia ya kijiji cha Mununga. Watu walitoka majumbani. Hakuna aliyeweza kuwaambia simameni, maana ni nani anayesema na samaki? Mwalimu Sampa alifumbua mdomo, akaufumba. Mzee Kafula aliukimbilia mwanya wa sheria uliobaki: akamwambia mbuzi, huku akilia machozi ya kweli, kwamba mtu akitoka hapa harudi tena, na kwamba yeye alimpenda Davison tangu utotoni. Davison alisita hapo. Olipa hakumvuta, alingoja tu, na baadaye baba akaendelea kutembea.

Walichukuliwa na lori la mama Febby, mchuuzi kutoka ng'ambo ya Kongo aliyenunua samaki na kuwapeleka migodini. Olipa alimweleza kila kitu kwa Kiswahili chake cha sokoni, akikwama njiani. Mama Febby akamkagua Davison, nguo zikiwa bado zimemganda mwilini.

"Samaki najua miye," alisema. "Huyu iko mutu. Na iko mugonjwa."

Huko Mununga mama Febby aliwapa kazi: Olipa kugeuza samaki kwenye vichanja, Davison kutengeneza makreti. Jumapili ya kwanza Olipa hakujua afanye nini na asubuhi nzima, akafua nguo ambazo zilikuwa safi. Kengele ya kanisa moja ilipolia alitetemeka, kisha akakasirika kwamba ametetemeka.

Davison alipona kikohozi, ila alikaa akiomba ruhusa ya kila kitu: ya kunywa maji, ya kucheka. Jioni moja alisimama muda mrefu kando ya kigoda, mpaka mama Febby akauliza huyu mutu anangojea nini.

"Kaa, tata," alisema Olipa. "Usiniulize. Kaa tu."

Davison akaangalia huku na huku, akakaa.