Ligi ya Presha

Mjomba wangu aliendesha gari la wagonjwa mpaka akastaafu, na kwa sababu hiyo tu mtaa mzima ulimwita Daktari. Hakuwahi kukanusha. Mwanawe alipomletea mashine ya kupima presha, aliiweka juu ya stuli barazani, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma kama runinga. Kila Jumamosi wazee walikuja, mikono ya nguo imeshakunjwa.

Wangepima, wakaenda zao. Lakini hawa walianzisha mashindano. Somo la Daktari lilikuwa moja: presha ni mbaya, kwa hiyo mwenye ndogo zaidi ndiye mzima kuliko wote. Mshindi alipigiwa makofi, akakalia kiti chenye mto. Watu wenye wajukuu, wanagombea mto!

Mama, fundi cherehani aliyejua kiuno chako kwa kukutazama tu, kila wiki alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, na mwalimu alijua kuringa.

Ijumaa moja nilimkuta Mama anameza vidonge vya presha, viwili kwa mpigo.

"Mama, nesi alisema kimoja."

"Nesi anashindana na nani?"

"Presha ikishuka mno utaanguka. Gauni likipwaya sana linafaa?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "La kwangu bado linabana, mwanangu."

Naandika haya ili kicheko kile kisinipotee.

Jioni ileile nilikwenda kwa mjomba. "Shikamoo. Mama anazidisha dawa ili ashinde ligi yako. Mkataze, wewe anakusikiliza."

"Marahaba. Si ndiyo dawa inafanya kazi? Mimi nimebeba madaktari wengi kuliko madaftari uliyobeba wewe."

"Uliwabeba, mjomba. Hawakukufundisha njiani."

"Chunga mdomo wako," akasema, akarudi kupangusa mashine yake.

Kesho yake Mama alishinda. Daktari alirudia kipimo, hakuamini macho yake, kisha akatangaza kama refa. Makofi yakalia. Mama alikaa kwenye mto, midomo imempauka.

"Naona giza," alisema.

"Furaha hiyo, dada," akajibu Daktari, na wale wapumbavu wakacheka.

Mama alisimama ili ampe mwalimu mkono. Hakumfikia. Alianguka, kisogo kikagonga ukingo wa ngazi, na hospitali hakuzinduka.

Msibani mjomba alinishika bega kwa huruma yote aliyonayo.

"Jikaze, mjomba wangu. Mama yako ametutoka akiwa anaongoza."

"Bado anaongoza," nilimwambia. "Kampime sasa hivi. Hakuna atakayemfikia."

Nilitaka limchome. Akafikiri kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo la maana.

"Kweli kabisa," alisema, akageuka kumweleza mwalimu.